Maswali ya wasomaji: Kuvuka na mbwa kwenda Kamanga

SWALI: Tuna mbwa wa ulinzi, dume la kilo 20, hajawahi kupanda chombo cha majini. Jumamosi tunavuka na watoto kwa pantoni kutoka Mwanza kwenda Kamanga, ng'ambo ya Ziwa Victoria, tunarudi jioni. Tumwandaeje? – Mama wa watoto watatu, Nyegezi

JIBU: Dada, anza na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hajawahi kuchanjwa, ahirisheni safari: kinga ya sindano ya kwanza huchukua wiki 3 hivi kujengeka, na mbwa wa ulinzi katikati ya umati si wa kubahatisha. Muulize pia mkata tiketi, kabla hujalipa, kama mbwa anaruhusiwa.

Shida kubwa huwa mlangoni mwa pantoni. Bati linagonga zege, bodaboda zinaunguruma, honi inalia. Mbwa mgeni hugoma, kisha anarudi kinyumenyume na mkanda uliolegea unamchomoka kichwani. Ukaze mpaka vidole 2 tu vipite. Kamba isizidi mita 1 na nusu, wala usiizungushie mkononi, maana akiruka majini mtakwenda wote. Acheni magari na watu waingie, ninyi mpande mwisho. Kuanzia leo mpelekeni ufukoni asikie honi kwa mbali huku akila vipande vya nyama. Akitulia, sogeeni kidogo.

Ndani, kaeni pembeni, mbali na joto la injini. Kwa abiria Waislamu mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo asimrambe mtu.

Usimfunge mdomo kwa kitambaa. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, ulimi nje. Ukimziba, joto linabaki ndani. Kwa sababu hiyohiyo, msimwache ndani ya gari. Gusa bati la sakafu ya pantoni kwa mgongo wa kiganja: usipovumilia sekunde 5, mtandikie gunia. Bebeni maji lita 2. Akianza kupepesuka na kutoa mate mazito, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee, kisha mbio kwa daktari wa mifugo.

SWALI: Na huko aogelee? – Huyohuyo

JIBU: Kwenye matete, hapana. Mamba hujificha humo, na mtoto akimfuata mbwa majini anaweza kupata kichocho. Mzuieni pia asifike kwenye dagaa walioanikwa. Ni jasho la watu. Jioni mkagueni kupe masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Mshikeni kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kuzungusha. Mafuta ya taa msipake, yanamuunguza mbwa ngozi.