Dakika 3 kwa mchezo au siku 3 kwa hatua?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Kila usiku nacheza sataranji ya dakika 3 kwenye Lichess, tovuti ya sataranji, michezo kumi na zaidi, lakini kiwango changu (alama za uwezo) kimegota 1300. Rafiki ananiambia nihamie michezo ya siku kadhaa kwa hatua. Itasaidia?

JIBU: Marahaba. Itasaidia, ila kwa sharti. Wengi hufungua michezo 20 kwa mpigo, kisha wanaijibu ndani ya daladala, sekunde tano kila mmoja. Hiyo ni dakika 3 ileile imevaa kanzu.

Chukua michezo minne tu, siku 3 kwa hatua. Kabla ya kugusa kete, andika daftarini hatua mbili unazozifikiria na jibu kali kuliko yote la mpinzani kwa kila moja. Cheza kesho yake, ukishaangalia upya. Mchezo ukiisha, linganisha daftari na injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua hatua: je, hatua nzuri hukuiona kabisa, au uliiona ukaipima vibaya? Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Mfano (herufi na namba ni jina la chumba ubaoni, mweupe huanza): e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, farasi g5, d5, askari mweupe anakula d5. Kwenye dakika 3, mweusi anarudisha kwa farasi bila kuwaza. Mweupe anatoa farasi f7, mfalme anamla, malkia anatua f3 na cheki, yaani anamtishia mfalme. Sasa mfalme lazima apande e6 kumlinda farasi wa d5, hadharani kabisa. Mwenye siku 3 angepata farasi wa c6 kwenda a5, kumshambulia askofu.

Hata kutafuta mianzo kwenye vitabu, Lichess inaruhusu katika michezo hii. Injini hapana, akaunti yako itaadhibiwa. (ICCF, shirikisho la dunia la sataranji ya masafa, yaani ya kutumiana hatua kwa mbali, huruhusu injini, lakini kule ni fani nyingine.)

Kuna kitu mchezo wa polepole haukupi: kugawa muda, na kuona ubao kichwani, maana unajizoeza kusogeza kete kwenye ubao wa uchambuzi, ule wa pembeni wa kujaribia hatua. Kwa hiyo dakika 10 za kwanza usiuguse ubao huo. Halafu kila wiki cheza miwili ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, ukihakikisha bando linatosha; likikata, saa haikusubiri.

Dakika 3 usiifute. Bakiza michezo mitatu siku ya Ijumaa, ya kujaribu mwanzo uliojifunza wiki hiyo. Ukipigwa miwili mfululizo, zima simu.