Sauti inakauka kabla ibada haijaisha

SWALI: Naongoza sifa kanisani. Wimbo wa tatu tu, sauti inaanza kukwaruza, na Jumatatu haitoki kabisa. Wenzangu wananiambia ninywe asali na limau kabla ya kupanda jukwaani. Itasaidia?

JIBU: Asali hulainisha koo, basi. Unachomeza hupita kwenye umio. Hakigusi nyuzi za sauti, ambazo ziko kwenye njia ya hewa. (Kikizigusa, utapaliwa.) Hata maji huzifikia polepole kupitia damu, kwa hiyo anza kunywa tangu jana yake, si dakika 5 kabla.

Kwa maelezo yako, tunashuku unashindana na vyombo. Mwimbaji asiyeisikia sauti yake hukaza shingo na kusukuma hewa bila kujua. Mwombe fundi mitambo akuelekezee spika ya jukwaani, na maikrofoni iwe vidole viwili kutoka mdomoni. Wimbo ukikubana juu, shusheni ufunguo (key) wa wimbo nusu toni au toni nzima. Waumini nao watashukuru.

Kabla ya ibada pasha sauti dakika 10: tetemesha midomo, brrr, kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, ukipanda na kushuka taratibu. Midomo ikigoma, ama pumzi ni haba ama umeikaza; inua mashavu kidogo kwa vidole, ujaribu tena.

Sauti ikipotea, nyamaza. Kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha nyuzi. Mkwaruzo ukizidi wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo.