Kijana wa Pongwe anakwenda Ujerumani: kuhusu ile bima ya wakala

Shikamoo baba. Nimesoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juu juu. Kijana wako amepata nafasi ya shahada ya pili Ujerumani, anaondoka Septemba, na wakala wa Dar amemkatia bima ya safari ya mwaka mzima, akawaambia kwamba hiyo inatosha kwa visa na kwa chuo, msihangaike na nyingine. Unauliza kama ni kweli, maana usingependa kulipa mara mbili.

Kwa visa, ni kweli. Kwa chuo, si kweli. Naomba univumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu mimi mwenyewe niliondoka Chuda, Tanga, mwaka 2022 na karatasi ya namna hiyo hiyo mfukoni.

Kanuni za visa za nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye visa ya pamoja, zinataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, inayolipa matibabu ya dharura na gharama za kumrudisha mtu kwao akizidiwa au akifariki. Ubalozi unataka uhakika kwamba kijana ana kinga tangu anaposhuka uwanja wa ndege mpaka asajiliwe chuoni. Kazi ya bima hiyo inaishia hapo. Akifika chuoni ataulizwa bima ya afya ya mwanafunzi, na ya safari peke yake haitampatia usajili.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Nina pumu tangu utotoni. Mjomba alikuwa akinipakia nyuma ya baiskeli usiku kunikimbiza hospitali ya Bombo, na hakuna jirani pale mtaani asiyelijua jambo hilo. Wakati wa kukata bima nilijaza fomu kwa haraka, nikalipa, nikachukua karatasi yenye muhuri, nikaenda zangu Umoja House, ulipo ubalozi wa Ujerumani Dar, kwenye miadi ya visa. Sikusoma mkataba. Nilifika katikati ya Septemba, na bima yangu ya mwanafunzi ilikuwa inaanza Oktoba mosi, muhula unapofunguliwa. Kati ya tarehe hizo baridi ilinikamata kifua. Usiku mmoja pampu ya pumu niliyotoka nayo nyumbani iliisha, pumzi ikakata, mwenzangu wa chumba akapiga 112, namba ya dharura. Gari la wagonjwa lilifika upesi sana, wakanihudumia vizuri mno, nikalala hospitali usiku ule, asubuhi nikarudi bwenini kwa tramu.

Wiki chache baadaye zikaja bili mbili, ya gari na ya hospitali, jumla euro 1,120. Nikazituma kwa kampuni ya bima nikiwa na amani kabisa, kwa kuwa nilijua nina kinga ya euro 30,000. Jibu lilikuja kwa barua. Nililisoma nimesimama kwenye ngazi za bweni, koti bado mwilini, natafsiri kwa simu neno baada ya neno. Walisema hawalipi kwa sababu ugonjwa ule nilikuwa nao kabla ya safari. Nikaenda kuutafuta mkataba kwenye begi. Kifungu kilikuwepo, ukurasa wa 11, kimeandikwa wazi kabisa. Nilizilipa bili zile kwa mafungu, euro 70 kila mwezi, miezi 16, na kila mwezi nilikuwa nikipiga hesabu ya shilingi ngapi ningemtumia mama.

Kwa hiyo baba, jambo la kwanza, leo hii fungua mkataba ule utafute sehemu inayotaja yasiyolipwa. Kama kijana ana pumu, kisukari, selimundu, presha, au jicho ama jino linalomsumbua, muulize wakala kwa maandishi kama hayo yanalipwa, naye ajibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halitamfaa kijana akiwa kule. Na abebe dawa za miezi miwili au mitatu pamoja na barua ya daktari wake. Mimi nilibeba pampu moja tu, mtoto wa Tanga asiyeijua baridi.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Ujerumani kuna mifuko ya bima ya umma, wao wanaiita gesetzliche Krankenversicherung, na kuna kampuni binafsi. Mwanafunzi wa shahada aliye chini ya miaka 30 ana haki ya kuingia kwenye mfuko wa umma kwa bei ya mwanafunzi. Kwa mwaka 2025 ilikuwa kama euro 140 mpaka 150 kwa mwezi. Najua ukiigeuza kuwa shilingi inashtua, na hapo ndipo mawakala wanapompata mtu, wanamwonyesha ya binafsi ya euro 40 au 50. Lakini mfuko wa umma hauulizi ulikuwa mgonjwa wa nini. Nilipoingia mimi hakuna aliyeniuliza habari za pumu. Oktoba ile ile nikaenda kwa daktari wa mtaa, nikatoa kadi yenye picha yangu, akanisikiliza kifua, akaniandikia pampu, na kwenye duka la dawa nikachangia euro 5 kwa kila moja. Ukilazwa unachangia euro 10 kwa siku. Lile gari la wagonjwa lililonimaliza, kwa mwenye bima ya umma lina mchango wa euro 10. Nilipoambiwa hilo nilinyamaza kimya.

Na hapa baba nisikilize kwa makini. Hata mwenye bima binafsi inambidi apitie kwenye mfuko wa umma, kwa sababu mfuko ndio unaokitumia chuo taarifa ya bima yake. Hapo atapewa karatasi ya kuomba kusamehewa bima ya umma, neno lake ni Befreiung. Maombi hayo yana muda, miezi mitatu tangu wajibu wa bima uanze, na akishasamehewa hawezi kubadili nia kwa muda wote wa masomo hayo. Nimemwona mwenzetu mmoja wa Afrika Mashariki aliyesaini akiwa mzima wa afya, mwaka wa pili akagundulika na maradhi ya figo. Alizunguka ofisi zote, mlango haukufunguka. Kijana asisaini neno hilo kabla hajakupigia simu.

Kama kijana ameshatimiza miaka 30, au anaanza na kozi ya lugha kabla ya shahada, bei hiyo ya mwanafunzi haimhusu, na hapo ndipo bima binafsi inapokuwa na maana. Ila achague yenye kukubali magonjwa ya zamani, hata ikizidi bei.

Kuhusu pesa, mjipange tangu sasa. Ile akaunti iliyozuiwa mnayotakiwa kumfungulia, yaani ya pesa za kujikimu zinazotolewa kidogo kidogo, euro 11,904 kwa mwaka, humtolea euro 992 kwa mwezi. Bima atailipa kutoka humo humo, kabla ya kodi ya chumba. Asiiache ikalimbikiza deni, maana mfuko unakiarifu chuo na anaweza kukwama kujisajili muhula unaofuata.

Kuna mawili ambayo bima ya umma haifanyi, na watu wetu wengi huyajua wakiwa wamechelewa. Haimtibu akirudi likizo Tanga. Akipata malaria hapo Pongwe utalipa wewe mwenyewe, labda awe amekata bima ya safari ya mwaka huko huko Ujerumani, ambayo ni rahisi sana, mara nyingi haifiki euro 20. Pili, hailipi kusafirisha maiti. Samahani kulitaja, lakini nimekuwa kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania tukichangishana usiku kucha ili ndugu yetu akazikwe kwao, huku wazazi wanasubiri matanga yakiwa yameshaanza. Ile bima ya wakala yenye kipengele hicho, kama imeshalipiwa mwaka mzima, msiivunje. Mwache akae nayo pembeni.

 

Baba, ukipata nafasi piga picha kurasa za mkataba zenye orodha ya yasiyolipwa, uzitume hapa huku umeficha jina na namba ya pasi ya kijana. Nitazisoma zote jioni nikitoka kazini.