Leza mbili za wati 5, nitapata 10?

SWALI: Mambo vipi mkuu, mi nipo Makoroboi hapa Mwanza nachora majina kwenye mbao na holda za funguo, nina kamashine ka leza ya bluu wati 5, plaiwudi ya milimita 3 inakata ila mpaka nipitishe mara nne mara tano, mteja anasubiri mpaka ananuna. Sasa kuna jamaa yangu kake kamekufa mota ila leza nzima kabisa. Nikizifunga zote mbili zichome sehemu moja si nitapata wati 10?

JIBU: Wati utazipata fundi wangu, kukata ndo habari nyingine. Si unawaonaga wavuvi wa dagaa usiku, taa kibao ziwani maji yanang'aa yote na hakuna dagaa anayeungua? Kinachokata ni wati zilizobanwa kwenye kitone kidogo. Ukifunga leza ya pili ubavuni imeinama, vitone vinakutana kwenye kimo kimoja tu, mbao ikipinda kidogo (na plaiwudi yetu hii inavyopinda!) vinaachana unapata mistari miwili.

Na usije ukadanganywa uziunganishe kwa kioo cha kupitisha nusu kurudisha nusu, maana nusu ya kila leza itaenda pembeni, unabaki na wati zako 5 zilezile.

Ujanja upo hivi. Mwanga wa diodi (kile kidude ndani ya leza kinachotoa mwanga) unatikisika upande mmoja, tuseme juu-chini. Ya pili ukiigeuza nyuzi 90 inatikisika kushoto-kulia, alafu kuna kijimchemraba cha kioo ambacho mtikisiko mmoja kinaupitisha moja kwa moja, mwingine kinaurudisha, kwahiyo leza moja inapita katikati nyingine inaingia ubavuni inakata kona na zote zinatoka njia moja. Hasara ni ndogo tu. Ila mwisho wake ni mbili, ya tatu haina pa kupita.

Wanaotaka zaidi wanatumia rangi zinazotofautiana kidogo wanazikusanya kwenye kioo chenye mistari myembamba sana, yani upinde wa mvua kinyumenyume. Wengine wanalinganisha mawimbi yenyewe, kilele juu ya kilele kama wapiga kasia, na hapo leza mbili zikipatana, katikati ya doa ukali unafika mara nne ya moja, japo jumla ya wati ni ileile ya mbili. Tatizo wimbi la bluu ni dogo mno, kama nanomita 450 (haifiki hata nusu ya elfu moja ya milimita), lazima mitambo irekebishe muda wote, meza yako ikitikiswa na bodaboda tu kwisha.

Mi ningekushauri uanze na kapampu ka hewa ka tanki la samaki, upulizie pale inapochoma, moshi ndo unakula nguvu yako. Ikigoma tafuta kichwa cha wati 10, vingi ndani vina diodi mbili na huo mchemraba tayari. Ukiamua kujifungia mwenyewe basi vaa miwani ya leza ya bluu, maana mchemraba ukikaa vibaya mwale unatokea pembeni usikotegemea, na miwani ya jua ya mtumba haizuii kitu hapo.