"Anecdotally": je, wagonjwa wametunga?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katika ripoti moja ya dawa nimekuta wagonjwa, "anecdotally", wanalala vizuri zaidi. Kamusi yangu inasema "kihadithi". Ina maana wametunga? Na neno hili limetoka wapi?

JIBU: Marahaba. Hawakutunga, na hilo "kihadithi" linawaonea.

Wagiriki walikuwa na kitenzi "ekdidonai": "ek" ni nje, "didonai" ni kutoa. Ndivyo walivyosema kitabu kinapotolewa kwa wasomaji, nasi tunasema vivyo hivyo: kitabu kimetoka, hili ni toleo la pili. (Dozi ya dawa nayo inatokana na "didonai" hiyohiyo, ni kile unachopewa.) Tia "an-" ya kukanusha, upate "anekdota": yasiyotolewa.

Katika karne ya 6 mwanahistoria Procopius aliyasifu majengo ya Kaisari Justinian waziwazi, kisha akaandika kando aibu za Kaisari huyo na mkewe Theodora. Maandishi hayo ya siri ndiyo yaliyokuja kuitwa Anekdota, na hayakuchapwa hadi 1623, huko Lyon, Ufaransa. Kwa kuwa yalijaa mambo ya ndani ya watu, neno likaanza kuhama: kutoka yasiyotolewa, likawa kisa kifupi cha mtu. Waingereza walilipokea katika karne hiyo ya 17 kupitia Kifaransa, na baadaye wakalitia mkia wa "-ly" kueleza namna jambo lilivyojulikana.

Mimi nami nililikosea. Nilipoanza kutafsiri niliandika "kwa uvumi". Muuguzi aliyenipa kazi ile alinirudishia karatasi, neno langu kalizungushia wino mwekundu, pembeni kaandika: "Haya nimeyasikia kwa wagonjwa wenyewe." Mpaka leo nauona ule wino. Uvumi hauna mwenyewe, lakini kisa kina mwenyewe, aliyelala au aliyekesha. Kinachokosekana ni hesabu: hakuna aliyewapanga wagonjwa, akawapima, akawalinganisha na wasioimeza dawa. Mmoja huenda alilala kwa sababu homa ilikuwa imeshashuka.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Kwa masimulizi ya wagonjwa wenyewe, wanalala vizuri zaidi." Na kama ripoti inaendelea kusema utafiti haujafanyika, usilidondoshe hilo, liandike papo hapo katika sentensi inayofuata.