Maswali ya wasomaji: Nikiwa kwenye kitimwendo, bastola niiweke wapi?

Safari hii nimefungua barua za watu wa magurudumu tu, wenzangu. Kwa mgeni wa safu hii: nafundisha kulenga shabaha nikiwa nimekaa, maana kusimama kulishanishinda zamani. Barua ya kwanza na ya pili nimezijibu kwa kirefu. Mbili za mwisho watanisamehe.

Shikamoo mwalimu. Miguu yangu imepooza kuanzia kiunoni. Klabu ninayotaka kujiunga nayo inachezesha yale mashindano ya bastola ya kukimbia kituo hadi kituo, saa ikihesabu. Wameniambia nibaki kwenye kulenga karatasi nikiwa nimetulia, "kwa usalama wangu". Wana haki? Na nikikubaliwa, nianzie wapi?
— Mgeni Uwanjani

Marahaba ndugu yangu. Haki ya kukuuliza maswali wanayo. Ya kukufungia mlango kabla hawajakuona ukishika bastola, sioni wameipata wapi. IPSC, chombo cha kimataifa cha mchezo huo tangu 1976, kinatambua kwenye kanuni zake kwamba yupo asiyeweza kupiga magoti, kulala chini au kuruka kizuizi. Mtu huyo humwomba msimamizi mkuu wa uwanja ampe adhabu ya pointi badala ya kitendo asichokiweza. Adhabu hiyo inaweza kufika asilimia 20 ya pointi alizopata, na kwa mwenye ulemavu mkubwa msimamizi ana ruhusa ya kuifuta kabisa. Ila ombi hutolewa kabla hujaanza. Ukisubiri mpaka kengele ilie, umechelewa.

Sasa huo usalama wanaousema. Kuna jambo moja la kweli ndani yake, nalo ni digrii 90. Mdomo wa bastola hauruhusiwi kugeuka zaidi ya hapo kutoka upande wa tuta la udongo, lile la nyuma ya shabaha linalokamata risasi, kushoto wala kulia. Ukivuka, unafungishwa virago. Anayekimbia kwa miguu huacha mwili ugeuke na mkono ukabaki ukielekea tutani. Sisi kiti kikigeuka, kiwiliwili chote kinageuka nacho. Tuseme una bastola mkono wa kulia na unasukuma gurudumu la kushoto peke yake. Kiti kitakwenda kulia, na mdomo wa bastola utafuata huko huko, polepole, bila wewe kujua. Nimeona walengaji wazuri wakiondolewa hivyo, na hawakuwa wamefyatua hata risasi moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kufunga usalama wa bastola, kuirudisha kwenye ala, kusukuma kwa mikono miwili, kusimama, kufunga breki, ndipo uchomoe tena. Utapoteza sekunde, na kwa kuwa matokeo ni pointi kugawanya kwa muda, sekunde zinauma. Wapo wanaopatana na msimamizi wasukumwe na mtu aliye nyuma yao, na hilo si kosa kama limekubaliwa mapema. Mimi silipendi. Anayenisukuma haoni kidole changu kilipo, nami sioni anapotaka kunipeleka.

Kiti chenyewe ndiyo miguu yako ya kulengea, kipange kabla hujagusa silaha. Ukifika mahali pako, rudi nyuma kidogo, upana wa kiganja unatosha. Yale magurudumu madogo yatazunguka na kutazama mbele, kitako cha kiti kitarefuka, na ukiinama kuelekea shabaha hutapiga mwereka. Hapo ndipo ufunge breki zote mbili. Teke la bastola ya kawaida halipindui kiti. Kinachopindua ni wewe kujirusha nyuma kwa mshtuko, na mwenye kiti chepesi akiwa hana vile vigurudumu vya nyuma vya kuzuia, avifunge siku ya uwanjani. Kama misuli ya tumbo haikushiki, jifunge mkanda kifuani, miguu nayo ikae kwenye mkanda wake.

Ukitumia mkono wa kulia, elekeza pua ya kiti kushoto kidogo ya shabaha. Nyonga ya kulia itakuwa wazi, na bastola itatoka kwenye ala ikaenda mbele bila kupita juu ya magoti. Magoti ndiyo yanayonikosesha usingizi mimi ninapofundisha. Aliyesimama miguu yake iko chini, lakini ya kwetu imetangulia mbele yetu, na wengi wetu tungepigwa risasi ya paja tusijue mpaka tuone damu. Ondoa na kile kiegemeo cha mkono upande wa ala, kama kinatoka, kiwiko kipate njia.

Kitu kingine watu wa klabu hawakifikirii. Macho yako yako kama mita 1.2 kutoka ardhini. Shabaha iliyopangwa kwa ajili ya mtu mrefu aliyesimama, tena iliyo karibu, wewe unaipiga kwa kuelekea juu, na risasi ikishatoboa karatasi inaendelea kupanda. Mwombe aliyepanga kituo akae kwenye kiti chako aangalie mwenyewe kama nyuma ya karatasi kuna tuta au kuna mbingu. Akiona mbingu, karatasi ishushwe.

Halafu maganda. Ganda la risasi hutoka likiwa la moto, hugonga ukuta wa pembeni, hurudi mapajani na kujificha kati ya paja na mto wa kukalia. Mwenye hisia ataruka. Wewe utalikalia mpaka jioni, na wakati wa kuoga utakuta ngozi imeungua, kidonda ambacho kwa mtu wa kitini huchukua miezi. Tandika kitambaa kizito mapajani, kingo zake uzichomeke chini ya mapaja pande zote. Kila ukimaliza zamu na bastola ikishakaguliwa kuwa tupu, pitisha mkono chini ya mapaja. Usimwachie mtu mwingine kazi hiyo kwa kuona haya.

Mwalimu, nina kibali halali cha kumiliki bastola na kutembea nayo. Natumia kitimwendo, na mara nyingi nasukumwa na mdogo wangu au mtoto wa dada. Niiweke kwenye mkoba unaoning'inia nyuma ya kiti, chini ya mto, au kiunoni? Kiunoni inanichoma.
— Mama wa Magurudumu

Mama, mkoba wa nyuma futa kabisa. Kila anayepita nyuma yako anaufikia kabla yako. Mtoto wa dada anayekusukuma ana pua yake hapo hapo juu ya zipu. Na ukihamia kwenye gari, kiti kinakunjwa na kutupwa buti na yeyote aliyejitolea kusaidia, mkoba ukiwemo. Silaha inakaa mwilini mwako, kwa kuwa kiti ni kitu cha kushikwashikwa na watu.

Chini ya mto ni pabaya kwa sababu nyingine. Mto ule umetengenezwa kugawa uzito wako sawasawa. Ukiuwekea chuma chini, uzito wote unakusanyika sehemu moja, damu haipiti, na unaijua safari ya vidonda vya mgandamizo kuliko ninavyoweza kukueleza. Hiyo pia ndiyo maana kiunoni kunakuchoma, na shukuru kunachoma. Asiye na hisia hapo asiweke kitu kigumu nyuma ya mgongo wala kwenye mfupa wa nyonga kisha akashinda nacho, na jioni aikague ngozi kwa kioo.

Mbele ya tumbo, penye kupendwa na wengi waliosimama, kwa aliyekaa mdomo wa bastola unatazama kinena au paja saa zote. Sipakatazi, lakini sipapendi. Kwa mtu anayekaa kutwa, naona pawili tu panafaa: mbele ya nyonga ya upande wa pili, mpini ukielekea mkono unaochomoa, au kifuani, kwenye mkanda maalumu chini ya nguo pana. Namna zote mbili zina kasoro, usiambiwe hazina. Ukichomoa kwa kuvusha mkono, mdomo wa bastola unafagia waliokaa ubavuni kwako na mkono wako mwingine pia. Mkono huo uupeleke kifuani kwanza, kila mara, mpaka uwe unakwenda wenyewe. Ala ya kwapani IPSC hairuhusu kwenye mashindano, na klabu nyingi haziruhusu mazoezi ya kuvusha mkono bila mwalimu, kwa hiyo tafuta mwalimu wa peke yako.

Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, iwe na kishikizo. Ijaribu nyumbani kwa bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine. Hamia kitandani. Rudi kitini. Hamia kwenye kiti cha gari, kwenye choo. Inama uokote kitu sakafuni. Bastola ikitoka au hata ikilegea mara moja, ala hiyo haikufai, haidhuru umeilipia kiasi gani. Wanaokuinua pia waambie ilipo, maana mtu anayekukumbatia kukuhamisha akishika chuma asichokitarajia anaweza kukuangusha.

Na niseme la moyoni. Mikono yako ndiyo miguu yako. Dakika unayochomoa, umeacha kuondoka. Anayetembea anaweza kurudi nyuma huku amelenga, sisi hatuwezi. Kwa hatari nyingi ningetaka mikono yako iwe kwenye ringi za magurudumu na sauti yako iwe juu, bastola ikae ilipo. Kibali chako pia kisome tena kipengele kwa kipengele: pale kinapokukataza kuingia na silaha, kiti hakikupi msamaha.

Nikifyatua, mlio unanifanya miguu ikaze na kurukaruka. Ni hatari?
— Miguu Yenye Hasira

Inaweza kuwa. Vaa vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, viwili kwa pamoja, kwani mlio ukipungua na mshtuko hupungua. Funga miguu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umelenga, na misuli ikianza kukaza, kidole kinatoka kwanza. Dawa za kulegeza misuli huleta usingizi, kwa hiyo muulize daktari wako kuhusu saa za kuzinywa. Na kama uti wako uliumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kichwa kikigonga ghafla na jasho likakutoka usoni, usimalize zamu. Weka bastola chini mdomo ukielekea tutani, mwite msimamizi, kaa wima, kagua mrija wa mkojo. Shinikizo la damu linapanda, na kibofu kilichojaa ndiyo sababu ya kawaida. Lisiposhuka upesi, ni hospitali.

Mikono yangu ni dhaifu, bastola siwezi kuinyoosha. Niache?
— Nimekata Tamaa

Usiache, badili mchezo. Kulenga shabaha kuko kwenye Paralimpiki tangu Toronto 1976, na kuna daraja mbili: SH1 kwa wanaoweza kubeba uzito wa silaha wenyewe, na SH2 kwa wasioweza, ambao bunduki yao hukaa juu ya stendi yenye springi. Wewe unasikika kama SH2. Huko utatumia bunduki ya upepo kwa mita 10, na baadaye ya risasi ndogo za .22 kwa mita 50 ukitaka. Usinunue chochote bado. Nenda kwenye klabu yenye stendi, azima, na umwambie wa kwanza utakayemkuta kwamba stendi irekebishwe kwa kimo cha kiti chako. Wengi huiacha kwa kimo cha aliyekuja jana.