Koti la Limuru, joto la Kibokoni

Mdogo wangu, umesema una miaka 23, umehamishiwa Mombasa kikazi ukitokea Limuru kwenye baridi na umepanga chumba Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Sanduku lako limejaa makoti marefu, sweta za kahawia na buti, kwa sababu Oktoba ikifika simu yako inajaa wasichana wa Ulaya na Marekani waliovaa hivyo, wakikanyaga majani yaliyopukutika. Unauliza uvae nini ukitoka kutembea, uende wapi, na kama ni kweli watu wa Mji wa Kale wanasema sana.

Wanasema. Hilo tulimalize mapema, nitalirudia kidogo huko chini.

Tuanze na sanduku. Wale wa kwenye simu wanavaa vile kwa kuwa kwao baridi inaingia. Kwetu miezi hii ni kinyume. Kipupwe kimeshapita, kusi imelegea na kaskazi haijashika; wavuvi huita tanga mbili, upepo haujulikani unatoka wapi, siku nyingine hautoki kabisa. Joto linapanda na unyevu unakugandisha nguo mgongoni. Kwa hivyo rangi zao zichukue, kitambaa chao kiache. Kahawia, haradali, kijani cha majani makavu, zote hizo zinapendeza kwenye dera la pamba au shati pana la kitani. Polista ikae mbali nawe. Utaona wadada wa hapa na mabuibui meusi saa saba mchana ukashangaa wanavumilia vipi. Nyingi ni za nida, kitambaa chepesi kinachoachia hewa, na ndani mtu amevaa kitu kidogo tu.

Buti usizilete, au kama zimeshafika zitoe nje mara kwa mara. Hewa ya chumvi haina huruma: ngozi huota ukungu mweupe kabatini, gundi ya soli inaachia, zipu inagoma. Hata pini za mtandio hushika kutu na kuacha doa ambalo halitoki. Nunua champali nzuri ya mpira, kwa sababu mvua za vuli hapa kisiwani hushuka kwa kishindo, mitaro inafurika, na baada ya saa moja jua linawaka kana kwamba si yeye. Utavuka maji tu, hakuna namna.

Sasa kitu ambacho sitoki nyumbani bila nacho ni leso, yaani kanga. Nenda Biashara Street, usikimbilie rangi tu. Zinauzwa mbili mbili zikiwa hazijakatwa. Mwenye duka anakukatia, na mafundi wenye cherehani huko huko wanakupindia ncha ukisubiri. Ikifika nyumbani iloweke kwenye maji ya chumvi kabla hujaivaa, maana mpya huwa ngumu ya wanga na huchuja rangi. Na soma jina, yale maandishi ya chini! Wageni huchagua maua wakasahau kusoma, kisha mtu anapita na fumbo la ukewenza mbele ya mama mwenye nyumba ambaye mumewe ameoa juzi. Hatakuuliza kitu. Ila utajua amesoma.

Leso moja ibaki nyumbani, nyingine ikae kwenye mkoba. Utaikalia Lighthouse kando ya bahari, utajifunika tuktuk ikirushiwa maji na matatu, utaifunga kiunoni kwenye feri ya Likoni. Hapo kwenye feri niseme: kwa mwenye kutembea kwa miguu ni bure, na jioni kuvuka tu ni matembezi ya kutosha, lakini upepo wa mlangoni pale hauheshimu sketi ya marinda.

Pa kutembea ni pengi na hakuhitaji pesa nyingi. Lighthouse, yaani Mama Ngina, nenda baada ya alasiri. Palitengenezwa upya 2019, na sikukuu ya Mashujaa ya mwaka ule ilifanyiwa hapo hapo. Wengine wanalalamika kuwa pale pa zamani palikuwa na raha zaidi; mimi naona mibuyu ni ile ile na bahari ni ile ile. Kula muhogo wa kukaanga, uliopasuliwa katikati, ukatiwa pilipili na ndimu, na dafu pembeni. Pale utaona kila vazi, suruali ya jinzi kando ya ninja la kufunika uso, na hakuna anayegeuka. Nyali na ufuo wa Pirates ndiyo kabisa, vaa upendavyo.

Tabu yako si huko unakokwenda. Tabu ni zile hatua kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye tuktuk.

Kibokoni ni ndani ya jiji kubwa lakini kunaishi kama kijiji. Vichochoro vyembamba, baraza kila mlango, wazee na kahawa chungu, kina mama dirishani. Hakuna atakayekulazimisha ufunike nywele. Kuna wasichana Wakristo wanaishi humu miaka na vichwa wazi na wanapendwa. Kinachoangaliwa ni kama kaptula unaipitisha mbele ya mlango wa msikiti Ijumaa, na zaidi ya hicho, kama unasalimu. Tupia dera au jifunge leso juu, ukifika Nyali vua. Pita barazani na shikamoo yako, ngoja marahaba, endelea na safari. Usiposalimu utaitwa yule wa bara mwenye maringo hata ukivaa buibui mpaka kidole cha mguu. Ukisalimu, usiku ukichelewa kurudi yule mzee wa kahawa ndiye atakayemuuliza kijana anayekufuata anatafuta nyumba ya nani. Mimi nimelelewa na hayo macho. Ujanani yalinichosha, nilikuwa natamani kwenda dukani mara moja bila mama kujua nimenunua nini. Bado yananichosha siku nyingine, sitakudanganya.

Halafu umesema jambo ambalo wageni wengi husema, kwamba huku hakuna fasheni, weusi mtupu. Hujaalikwa harusi. Novemba na Desemba, shule zikifunga, ukumbi baada ya ukumbi unajaa. Usiku wa wanawake mlango unafungwa, wanaume hakuna, simu za picha zinakatazwa, na mabuibui yanavuliwa. Hapo ndipo utaona gauni zilizoshonwa kwa mawe na shanga, migongo wazi, hina na piko hadi kwenye viwiko, asumini nyweleni, udi unaokufuata mpaka kitandani kwako. Mwanamke unayemjua kama muuza viazi karai wa kichochoroni anaingia na kitambaa cha bei ambayo hutaki kuisikia. Wanatazamana kutoka kichwani hadi kwenye visigino, na anayesema hatazami ndiye atakayekwambia kesho nani alirudia gauni.

Mfanyakazi mwenzako akikualika usione haya kwa kuwa si wa dini wala si wa hapa. Nenda. Peleka tunzo kidogo, kula biriani, cheza chakacha hata kama kiuno hakikubali. Lakini uliza mapema kama kuna sare na ni kitambaa gani, ununue na ukipeleke kwa fundi mwezi mzima kabla. Fundi wa Mombasa mwezi wa Desemba anapokea kitambaa cha kila mtu na hakatai hata mmoja. Ukimpelekea wiki ya harusi atakwambia njoo kesho jioni, na ataendelea kukwambia hivyo mpaka bibi arusi amalize fungate.